Sange na Mlango wa Mmoja Mmoja

Nipokeeni.

— Tumekupokea.

Nimekuja na kitu.

— Kitue tukione.

Kina mkia, kina pua, kina uongo kidogo.

— Mkia tutaushika, pua tutaifuta, uongo tutauchekecha wenyewe.

Basi kunjeni miguu, hadithi isije ikajikwaa.

Palitokea ukame katika bonde moja liitwalo Nyikachumvi. Ukame wa kwelikweli. Mto ulikauka ukabaki mchanga. Majani yaligeuka vumbi yangali mtini. Likabaki jicho moja tu la maji, chini ya mwamba. Maji ya baridi, machache, yanatoka taratibu kama mtu anayefikiri kabla ya kusema. Kila alfajiri yalitosha kunywesha wengi, lakini hayakutosha kunywesha wote.

Mwanzo wanyama waliyapigania kwa pembe na meno. Damu ikaingia majini. Nyati mmoja akafa, pundamilia mmoja akafa, na walio hai wakaanza kutazamana vibaya.

Ndipo akaja Bi Heroe. Mnamjua Heroe, yule ndege wa rangi ya waridi, shingo ndefu, asimamaye kwa mguu mmoja. Alikuwa ametembea maziwa mengi na kuona mengi. Akasema, "Wenzangu, kupigana mtapigana, hilo nalijua. Basi piganeni mahali ambapo mtu akifa anaamka." Akawaletea mchezo wa simu.

Mtaniuliza wanyama walipata wapi simu. Na mimi nitakuuliza, wewe yako ulipata wapi? Walikuwa nazo. Walizianika juani zikajaa chaji. Tuendelee.

Mchezo uliitwa Mnara. Unabonyeza, ting', bonde lote linatoweka, na wewe unajikuta katika nchi ya ukungu. Juu kuna nyota kubwa, ziko karibu hata unainamisha kichwa usizigonge. Mbele kuna mto unaopanda mlima badala ya kuushuka. Na wewe mwenyewe umekuwa kivuli, cha buluu au chekundu, na vivuli vyote vina kimo kimoja.

Hilo la kimo ndilo lililowaacha wanyama midomo wazi. Siku ya kwanza Tembo aliingia, akasimama karibu na kivuli kingine, wakatazamana macho kwa macho. Alipouliza yule ni nani, akaambiwa ni Sange. Tembo hakuwahi kumtazama Sange machoni maisha yake yote.

Sange mwenyewe ni mnyama mdogo, ukubwa wa panya aliyekula akashiba. Ana pua ndefu isiyotulia na miguu kama njiti. Akikimbia humwoni, unasikia tu tiki tiki tiki, kisha majani yanatikisika pale alipokuwa. Hana kundi. Anaishi peke yake, anakula peke yake, anafagia vijia vyake peke yake.

Mchezo ulikuwa hivi. Vivuli vitano upande huu, vivuli vitano upande ule. Kila upande una mnara, na juu ya mnara unawaka moto. Wanaouzima moto wa wenzao ndio washindi. Ukishinda unapanda cheo, ukishindwa unashuka. Cheo cha chini kinaitwa Vumbi, juu yake Jani, juu yake Jiwe, na juu kabisa Nyota. Alfajiri wenye Nyota wanakunywa kwanza, halafu Jiwe, halafu Jani. Wenye Vumbi wanalamba tope.

Na kazi ya kuwapanga wachezaji ilikuwa ya Bi Heroe. Wewe unabonyeza, unangoja kwenye foleni, naye anachukua watano hawa na watano wale, anapima nguvu zao, anawaingiza.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Aliyekunywa jana alishindwa leo, aliyeshindwa leo alikunywa kesho. Hakuna aliyekufa. Wanyama walimshukuru Bi Heroe.

Kisha fisi wakauelewa mchezo.

Fisi walikuwa watano. Mkubwa wao aliitwa Kingugwa, mwenye shingo nene na sauti ya kutikisa mawe. Wa pili Madoa, wa tatu Kicheko, wa nne Domo. Wa tano alikuwa jike, mguu wake wa nyuma ulivunjika utotoni ukaunga vibaya, wakamwita Kiguru. Hao walikaa katika pango moja, wakabonyeza kwa pamoja, Bi Heroe akawaingiza kwa pamoja. Na mle pangoni walikuwa wanaambiana.

"Yuko kushoto."

"Nimemwona. Zungukeni nyuma."

"Amekwisha, hihihi."

Ukungu kwao haukuwa ukungu. Mmoja akiona, watano wameona. Lakini wale waliokuja peke yao, kila mmoja alikuwa shimoni mwake, mbali na mwenziwe, hajui hata yuko pamoja na nani. Walikuwa watano wasiojuana wakipigana na watano wanaojuana. Wakipigwa, wakirudi, wakipigwa tena.

Haukupita muda, fisi wote watano wakawa Nyota. Na fisi akiwa wa kwanza majini, hanywi akaondoka. Anakunywa, analala majini, anakunywa tena. Wa nyuma wakifika wanakuta matope yenye manyoya.

Siku moja Sange alibonyeza, ting', akaingia. Akapanda mlima vizuri, akauvuka mto, akaukaribia mnara wa wekundu. Wenzake wa buluu hakuwaona. Mmoja alikuwa amekwenda huku, mwingine kule. Halafu ukungu ukafunguka na wekundu watano wakamzunguka kama walioitwa. Pu. Pu. Pu. Sange akaanguka. Mechi ikaisha. Cheo chake kikashuka kutoka Jani hadi Vumbi.

Alfajiri akaenda kulamba tope. Pale kando ya tope alimkuta Bi Kakakuona, yule mwenye magamba, mtoto wake amemng'ang'ania mkiani.

Mtoto akauliza, "Mama, leo tumeshinda?"

"Leo hapana, mwanangu."

"Jana je?"

Mama akamsogeza karibu na tope. Mtoto akanyoosha ulimi wake mrefu akagusa tope. Ulimi ukarudi mkavu. Hakulia. Alikuwa hana nguvu ya kulia. Sange aliutazama ule ulimi, na ile pua yake isiyotulia ikatulia.

"Nakwenda kwa Bi Heroe," akasema.

"Tulikwenda," akasema Bi Kakakuona. "Mimi nilikwenda, Nungunungu alikwenda, Nyegere alikwenda akatukana akafukuzwa. Nenda na wewe."

Tiki tiki tiki, Sange akaenda mpaka kwenye ziwa la chumvi, lile lisilonyweka. Bi Heroe alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, macho yamefumba, anapanga mechi kichwani.

"Shikamoo, Bi Heroe."

"Marahaba. Na wewe umeonewa?"

"Nimeonewa, mama."

"Haiwezekani," akasema Bi Heroe, wala hakusema kwa ubaya. "Napima nguvu za watano, napima nguvu za watano wengine, nahakikisha zinalingana. Ndipo naingiza. Mizani yangu haijalala upande hata siku moja."

"Mizani yako inapima kuni, mama. Haipimi kama zimefungwa kamba."

Bi Heroe akafumbua jicho moja.

"Unataka nini?"

"Fungua mlango wa pili. Anayekuja peke yake akutane na waliokuja peke yao. Waliokuja kundi wakutane na makundi."

"Ni jambo la haki," akasema Bi Heroe. "Lakini tulipoanza tuliapa wote. Sheria ya mchezo haibadiliki mpaka wenye Nyota wote waombe. Na wenye Nyota ni wale watano. Nenda kawaombe."

Kisha akafumba jicho lake.

Sange akarudi polepole. Mara hii hakukimbia. Kuwaomba fisi wafungue mlango ni kumwomba aliyeshiba akupe mfupa alioushika. Alitembea akifikiri, alitembea akifikiri, na alipofika kwenye mwamba wa fisi pua yake ilikuwa imeanza kuchezacheza tena.

Akamkuta Kingugwa amelala kivulini peke yake. Sange akaingia katika tundu la kichuguu, akabakiza pua tu nje.

"Mkubwa, nimetazama mchezo wenu."

Kingugwa akafungua jicho. "Ukaona nini, kidudu?"

"Nimeona watano wanaingia, lakini anayecheza ni mmoja. Hao wanne anawabeba mgongoni. Yeye anapanda mlima, wao wanakunywa maji. Nisimtaje jina."

"Mtaje."

"Ni wewe, mkubwa."

Kingugwa akakaa kitako. Akatazama huku na huku kuona kama kuna aliyesikia.

"Hilo nimekuwa nikilihisi," akasema.

"Kungekuwa na mlango wa mmoja mmoja," akasema Sange, "Nyota wa juu wa mlango huo angestahili kunywa kabla ya viumbe wote. Peke yake. Maji yangali safi, hayajaguswa na ulimi wa mtu. Lakini nani atakayeomba? Sisi wadogo tumeomba, hatusikiwi."

Tiki tiki tiki, Sange akatoweka. Kingugwa akabaki anameza mate.

Sange akamkuta Madoa anajikuna kwenye mti.

"Mkubwa, nimetazama mchezo wenu. Watano wanaingia, lakini anayecheza ni mmoja. Hao wanne anawabeba mgongoni. Nisimtaje jina."

"Mtaje."

"Ni wewe, mkubwa."

"Hata mama yangu alisema hivyo hivyo," akasema Madoa, na machozi yakamlengalenga.

Akamkuta Kicheko, akamwambia. Kicheko akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka ghafla na kuanza kuhesabu vidole. Akamkuta Domo, akamwambia. Domo hakumwacha amalize, akasema, "Umechelewa kunieleza, ninajua tangu zamani."

Wa mwisho alikuwa Kiguru. Alikuwa amekaa mbali na wenzake, upande wa jua, maana kivulini hawakumwachia nafasi.

"Dada," akasema Sange, "nimetazama mchezo wenu. Watano wanaingia, lakini anayecheza ni mmoja. Hao wanne anawabeba mgongoni. Nisimtaje jina."

Kiguru hakusema mtaje. Alimtazama tu. Sange akangoja, akaona kimya, akamaliza mwenyewe.

"Ni wewe, dada."

Kiguru akaendelea kumtazama, muda mrefu, hata Sange akarudi nyuma kidogo ndani ya nyasi.

"Nenda zako," akasema Kiguru.

Sange akaenda zake, akidhani kwa huyo ameshindwa.

Siku ya pili yake, mapema, Kingugwa alijinyoosha akawaambia wenzake anakwenda kutembea. Alipofika kwa Bi Heroe akamkuta Madoa yupo, na Domo yupo, na Kicheko anakuja mbio, na nyuma kabisa Kiguru anachechemea. Wakatazamana. Kila mmoja akakohoa.

"Mmefuata nini?" akauliza Bi Heroe.

Kingugwa akainamisha kichwa. "Mama, sisi tuna kundi, tunasaidiana. Lakini nikiwafikiria wale wadogo wanaocheza peke yao, usingizi haunijii. Nimekuja kuwaombea mlango wao."

"Na mimi," akasema Madoa, "huruma imenijaa mpaka hapa."

"Na mimi," akasema Kicheko, na mara hiyo hakucheka.

"Mimi ndiye niliyeanza kuwahurumia," akasema Domo.

Kiguru akasema, "Naomba mlango."

Bi Heroe akashusha mguu wake wa pili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aje bondeni. Alikuwa ameona maziwa mengi na wanyama wa kila namna, lakini huruma kama ile hakuwa ameiona popote.

"Na Nyota wa juu wa mlango huo?" akauliza.

"Anywe kabla ya wote," wakasema fisi wanne kwa sauti moja. "Peke yake."

"Mtaapa?"

Wakaapa. Mlango wa mmoja mmoja ukafunguliwa siku ile ile, na wakakubaliana hautafungwa mpaka mvua inyeshe. Anayeingia humo hajui yuko na nani wala anapigana na nani. Kila mmoja anaanza na Vumbi. Majina hayaonekani mchezoni, na walioipata Nyota Bi Heroe atawataja mwenyewe kwenye maji, alfajiri ya hesabu, mwezi utakapoandama.

Fisi wakarudi nyumbani, lakini pango moja halikuwatosha tena. Madoa alisema anaumwa kichwa na kelele, akahamia bonde la pili. Domo akajichimbia shimo lake. Kicheko alificha simu kwapani kila mwenziwe alipopita. Kiguru akabaki juani kwake. Kingugwa akabaki na pango lote, peke yake, na sauti yake ikimrudia kutoka ukutani.

Bonde zima likaingia mchezoni. Nungunungu alicheza ndani ya shimo lake, Nyegere alicheza akinung'unika, Bi Kakakuona alicheza mtoto amelala mkiani. Na jambo la ajabu likaanza kutokea. Wale walioonewa muda wote, waliokuwa hawana mtu wa kuwaambia yuko kushoto, yuko kulia, walikuwa wamejifunza kitu bila kujua. Walikuwa wamejifunza kumsoma mtu wasiyemjua. Kivuli kikisita, walijua kimeona. Kivuli kikigeuka, walijua kinaita. Zamani ujuzi huo haukuwasaidia, maana mbele yao walikuwapo watano wenye sauti moja. Sasa kila mtu alikuwa bubu, na wao ndio waliokuwa wamezoea ububu.

Nungunungu alishinda akashangaa. Nyegere alishinda akamtafuta mtu wa kumtukana, akakosa. Bi Kakakuona alipanda hadi Jani, alfajiri moja akateka maji kidogo ya kweli, akamtilia mtoto mdomoni tone kwa tone, na mtoto akaulizia mengine.

Sange akapanda Jani, akapanda Jiwe. Ikafika siku ya mwisho kabla ya hesabu, naye akawa amebakiza mechi moja tu kuwa Nyota. Jua lilikuwa katikati ya anga. Akaingia chini ya kichaka chake, akapangusa simu, akabonyeza.

Ting'.

Ukungu. Alikuwa wa buluu. Kando yake vivuli vinne vya buluu, hajui ni nani. Upande wa pili, wekundu. Mmoja wa wekundu alikuwa Kingugwa, na hilo bonde zima lilijua, maana Kingugwa alikuwa anapiga kelele pangoni kwake.

"Madoa, kushoto. Domo, zunguka."

Si Madoa wala Domo aliyekuwapo. Madoa huko aliko aliisikia ile sauti, akavuta nyasi akaziba masikio, maana naye alikuwa anatafuta Nyota yake. Kingugwa si mchezaji dhaifu, tusimsingizie. Ana nguvu na ana kasi. Alikuwa amefika Jiwe kwa mabavu. Lakini alikuwa anacheza na watu ambao hawakuwapo.

Buluu wakaanza kupanda. Sange akakimbia mbele kama kawaida yake, tiki tiki tiki. Kisha akaona kitu akasimama.

Kivuli kimoja cha buluu hakikukimbia. Kilikuwa kimesimama katikati ya njia, kinautazama ukungu unavyokwenda. Kilisimama hivyo muda mrefu hata ungesema kimelala. Halafu kikageuka kumtazama Sange, kikapiga hatua kushoto, kikageuka tena.

Sange akaelewa. Akafuata kushoto. Na pale walipokuwa wamesimama, punde tu, wekundu wawili wakapita mbio, wasiwaone.

Sange akawatazama wakipotelea ukunguni. Kivuli kile kilikuwa kimejua. Ukungu ule ule uliompofusha kila mtu, chenyewe kilikuwa kinausoma kama mtu anavyosoma uso wa mama yake. Ukungu ukipinda, kilijua nani ameupinda. Kikasogea kulia, Sange akasogea kulia, na adui akapita. Kikalala chini, Sange akalala chini, na adui akawaruka. Wale buluu wengine watatu wakaona. Mmoja akaja, wa pili akaja, wa tatu akaja. Hakuna aliyesema neno, hakuna aliyekuwa na njia ya kusema neno, lakini watano wale wakawa wanakwenda mwendo mmoja kupanda mlima, kando ya ule mto unaopanda, na nyota zikizidi kuwa kubwa kila hatua.

Sange alikuwa mjanja tangu azaliwe. Alikuwa amewachezea shere wakubwa wengi, na hakuna aliyemshangaza. Siku ile alisahau kupumua. Alikimbia nyuma ya kivuli kile, pua imetulia tuli, na moyoni hakuwa anafikiri Nyota wala maji. Alikuwa anafikiri, huyu alikuwa wapi siku zote?

Wakafika mnarani. Kingugwa alikuwa mlangoni, mkubwa wa sauti, ameziba njia. Kivuli kile hakikumpiga. Kilimwendea taratibu, kikamwonyesha ubavu, kama kinachomwambia nifuate. Na Kingugwa, aliyezoea siku zote kivuli kimoja kimkaribie upande ule na kumlinda, akakifuata. Hakufikiri. Aliacha mlango wazi akakifuata hatua mbili tatu, na buluu wanne wakapita nyuma yake. Alipogeuka, kile kivuli kikamrukia pembeni, kikakwea ukuta wa mnara kwa nje, juu, juu, kwa wepesi ambao Sange mwenye miguu yake yote hakuwa nao, kikafika kileleni mbele ya wote.

Moto ukazimika. Fuuu.

Na ukungu ukaondoka, si kwao tu, bali katika kila simu bondeni. Hakuna aliyewahi kuiona nchi ile bila ukungu, maana siku zote moto ulikuwa ukizimwa kutoka chini, na hakuna aliyewahi kukwea hadi kileleni. Ikaonekana yote kwa mara moja: mto unapanda mlima, unafika kileleni, hauishii hapo, unaendelea kupanda angani na kumwagika kati ya nyota. Vivuli kumi, buluu na vyekundu, vikasimama vikitazama juu. Hata Kingugwa pangoni akanyamaza. Inasemekana bonde zima lilikuwa kimya, kila mtu shimoni kwake, kila mtu peke yake, wakitazama kitu kimoja.

Kisha simu zikazimika.

Alfajiri wakakusanyika kwenye jicho la maji. Bi Heroe akasimama juu ya mwamba.

"Walioipata Nyota ni watano," akasema. "Sange. Bi Kakakuona. Nungunungu. Nyegere. Na aliye juu yao wote, atakayekunywa peke yake, kabla ya viumbe wote, ni Kiguru."

Wanyama wakageuka. Kiguru akatoka nyuma, akichechemea, mguu mbovu ukichora mstari mchangani. Hakuna aliyecheka. Walimpisha njia, tembo akampisha, nyati akampisha. Mle katika ukungu alikuwa anakwea kuta, na hakuna aliyejua kwamba ni yeye, na hakuna aliyemwambia kaa upande wa jua.

Kingugwa alikuwa nyuma karibu na tope, maana jana, simu zilipowaka tena, alicheza kwa hasira akashindwa, akacheza tena akashindwa, mpaka Vumbi. Alitaka kusema jambo, lakini Bi Heroe akamtangulia.

"Bwana Kingugwa, bonde lote linakushukuru. Bila huruma yako mlango huu usingefunguliwa."

Wanyama wote wakamwinamia. Kingugwa naye ilimbidi ainame. Akawageukia Madoa, Domo na Kicheko akawanong'oneza, "Turudi kundini. Mlango wa makundi uko wazi." Lakini kundi lilikuwa limevunjika, wanne hawakutimia watano, na kwenye mlango wa makundi walikuwa wanangoja mbwa mwitu, waliofika bondeni juzi, ambao hupendana tangu tumboni.

Kiguru akafika majini. Maji yalikuwa safi, yametulia, hayajaguswa na ulimi wa mtu. Kabla ya kuinama akamwona Sange kando ya jiwe.

"Wewe," akasema. "Uliniambia mimi ndiye ninayewabeba. Ulijuaje?"

Sange alikuwa na majibu mengi. Angeweza kusema nimekutazama muda mrefu. Angeweza kusema nina macho makali. Pua ikachezacheza, kisha ikatulia.

"Sikujua, dada," akasema. "Niliwaambia wote watano."

Kiguru akayatazama maji.

"Mimi nilijua," akasema.

Akainama akanywa.

Hapo ndipo nilipoondoka, na kwa hiyo hapo ndipo hadithi inapokoma. Mnataka funzo?

— Tunataka.

Funzo ni kwamba wakubwa wana huruma. Mmesikia wenyewe walivyokwenda, mmoja mmoja, bila kuitwa, kumwombea mnyonge. Kwa hiyo ukionewa usisumbuke, usifikiri, usichezeshe pua. Kaa shimoni kwako ungoje wakuhurumie. Na uongo ni mbaya, hasa ukiwaambia watu watano, kwa sababu huwezi kujua ni nani kati yao utakuwa umemwambia kweli.

Wenye masikio waondoke nayo.

— Na wewe je?

Mimi nabaki na mdomo wangu.

— Baki nao, kesho tutauhitaji.